Shene ya moto: ilitoka wapi, na kwa nini vumbi la Goma linaimaliza upesi

Ukisimama kwenye parkingi yoyote ya moto hapa Goma utaona kazi ileile. Motari amesimamisha moto yake kwa stendi ya katikati, gurudumu la nyuma liko juu. Ameshika chupa ya plastiki iliyotobolewa kifuniko, anamwaga mafuta meusi juu ya shene. Ni mafuta ya vidanji, yaliyotolewa kwenye injini ya moto nyingine au ya gari. Anazungusha gurudumu mara tatu nne, anajifuta mikono kwenye suruali, anaita mteja. Kazi imekwisha. Baada ya miezi michache yuko kwa fundi ananunua shene mpya, pinyo mpya na kurone mpya, na analalamika kwamba vitu vya siku hizi ni bandia.

Bandia zipo, sikatai. Lakini shene ina historia yake, na ukiifuata hiyo historia utaona kwamba kosa kubwa haliko dukani.

Sababu iliyonifanya niifuate ni moja. Mwezi wa pili wa mwaka 2024, vita vilipokaribia Sake na watu wakaanza kushuka Goma kwa maelfu, nilikuwa kwenye barabara ile upande wa Mubambiro. Moto moja ilikuwa imembeba mama, watoto wawili, godoro na sufuria. Shene ikakatika, ikajifunga kwenye gurudumu la nyuma, gurudumu likakaza palepale. Kwa bahati walikuwa wanakwenda polepole, hakuna aliyevunjika. Lakini motari hakuwa na kiungo cha akiba wala koleo, na milio ilikuwa inasikika nyuma yetu. Mama akafunga mtoto mgongoni, akamshika mwingine mkono, godoro likabaki. Ile shene niliiangalia pale chini. Ilikuwa nyeusi kwa nje, imelowa mafuta, na ndani ya viungo ilikuwa na kutu nyekundu.

Nje mafuta, ndani kutu. Mambo mengine yote ya shene yako hapo.

Shene tunayotumia leo ilizaliwa Uingereza, mjini Manchester, mwaka 1880. Aliyeitengeneza ni Hans Renold, fundi mzaliwa wa Uswisi, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa amenunua karakana ndogo ya shene ya James Slater. Kwenye shene za kwanza pini ilipita tu kwenye tundu la bati. Uzito wote ulikaa pale ukingo mwembamba wa bati unapogusa pini, na pini ikaliwa upesi. Renold akaweka bomba fupi la chuma juu ya pini, ili uzito utandazwe kwenye urefu wote wa bomba. Juu ya bomba akaweka rola inayozunguka yenyewe, ili jino la gurudumu lisikwaruze shene bali liipokee kwa kuiviringisha.

Ni hayo tu. Ukiifungua shene ya moto yako leo utakuta vitu vilevile: pini, bomba, rola, na bati za pembeni. Moto nyingi za hapa kwetu hufungwa shene iliyochongwa namba 428. Ile 4 ya kwanza maana yake ni sehemu nne kati ya nane za inchi, yaani nusu inchi, milimita 12.7 kutoka pini moja hadi nyingine. Shene ya kinga, ile baiskeli ya babu, nayo ina nusu inchi hiyohiyo.

Mnaona sasa mafuta yanatakiwa wapi. Yanatakiwa kati ya pini na bomba, mahali ambapo jicho halifiki. Kule nje kwenye bati, ambako sisi tunapaka mpaka ing'ae, mafuta hayana kazi kubwa zaidi ya kuzuia kutu. Watu husema shene "imevutika," kana kwamba chuma kimenyooka kama mpira. Chuma hakikunyooka. Pini imeliwa na bomba limeliwa, kila kiungo kimepata nafasi kidogo. Chukua shene yenye viungo 120. Kila kimoja kikilika sehemu moja ya kumi ya milimita, shene nzima imeongezeka milimita 12. Hicho ni karibu kiungo kizima.

Shene ya Renold ilikuja wakati kinga zilipokuwa zinabadilika. Mwaka 1885, John Kemp Starley wa mji wa Coventry alitoa baiskeli aliyoiita Rover, yenye magurudumu mawili yanayokaribiana ukubwa, na shene ikizungusha la nyuma. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop akapata hati ya tairi la mpira lenye hewa. Shene na tairi vikakutana, na baiskeli ikawa kitu ambacho kila mtu wa Ulaya anataka. Mpira ukatakiwa kwa wingi ambao haujawahi kuonekana.

Nadhani msomaji ameshajua mpira huo ulitoka wapi. Mwaka uleule wa 1885 ndipo Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, alipoifanya nchi yetu kuwa mali yake. Huko Ekuateri na Kasai vijiji vilipangiwa kilo za mpira wa porini za kuleta. Ambaye hakuzifikisha alipigwa kwa shikoti, au mke wake alishikwa mpaka mume alete. Ubelgiji yenyewe iliichukua nchi kutoka kwa mfalme mwaka 1908, baada ya kelele za wamisionari na za watu kama E. D. Morel, karani wa kampuni ya meli aliyeona bandarini Antwerp kwamba meli zinashusha mpira na pembe za ndovu, na zinarudi Kongo na bunduki. Si ajabu kwamba wazee wengi hapa hawapendi kuiita shene "mnyororo." Mnyororo kwao ni ule wa shingoni. Neno la Kifaransa lilikuja na chuma chenyewe, tukalibakisha.

Kuna kitu kingine kilichotoka kwetu kwenda kwenye mashine zao, nacho ni mafuta. Kabla ya mafuta ya ardhini kuenea, mashine za Ulaya zilipakwa mafuta ya wanyama na ya mimea. Mawese ya Afrika yalitumika kulainisha ekseli za mabehewa ya treni huko Uingereza, na pia kutengeneza sabuni. Hiyo sabuni ndiyo iliyomleta William Lever Kongo mwaka 1911 kuchukua misitu ya michikichi. Waendesha baiskeli wa zamani walikuwa na namna yao: walivua shene, wakaiosha, kisha wakaichovya kwenye mafuta ya mnyama yaliyoyeyushwa motoni pamoja na unga mweusi wa grafiti. Yakiwa moto, mafuta yaliingia ndani kati ya pini na bomba. Yakipoa yaliganda humo. Ya nje waliyafuta. Mtu wa miaka ile, bila duka la vipuli, alijua kile ambacho parkingi zetu zimesahau.

Sisi pia tulijaribu mawese. Mzee mmoja wa Masisi aliyekuwa karani wa shamba la chai ameniambia kwamba alipaka mawese kwenye shene ya kinga yake kwa miaka mingi, na kwamba asubuhi za baridi ilimbidi aitikise kinga kwanza kabla ya kupanda. Ni kweli, mawese huganda kwenye baridi ya milima yetu, na yakikaa sana hugeuka gundi. Vumbi likija, halitoki tena.

Turudi kwenye moto. Sisi watu wa Goma tuna neno moja kwa pikipiki na kwa kile kinachotoka Nyiragongo, kwa hiyo nifafanue: sasa nazungumzia pikipiki. Zile za kwanza hazikuwa na shene. Zilivutwa na mkanda wa ngozi, ambao mvua ikinyesha uliteleza na moto ikabaki inalia bila kwenda. Kiwanda cha FN cha Herstal, Ubelgiji, kile ambacho bunduki zake zinajulikana hapa kuliko ambavyo tungependa, kilitoa mwaka 1905 pikipiki yenye silinda nne iliyotumia shafti badala ya mkanda au shene. Shafti imefungwa ndani ya bomba, vumbi haliioni. Kwa barabara za Kivu ingekuwa dawa. Lakini shafti ni nzito, ni ghali, na ikiharibika mlimani hakuna anayeifungua kwa nyundo na msumari. Shene inafungulika. Unatoa kiungo kibovu, unaweka kingine, unaendelea. Ndiyo maana ilishinda, na ndiyo maana moto inafika Walikale na Lubero mahali ambapo gari limeshindwa.

Nchi yetu imeliona hilo zaidi ya mara moja. Vita vilipoukata mto Kongo kuanzia 1998, Kisangani ilibaki bila mafuta na karibu bila magari. Vijana wakaweka kiti chenye sponji nyuma ya kinga na kubeba abiria. Waliitwa toleka, neno la Kilingala la kusema "twende, tupite." Kwa miaka kadhaa mji mkubwa wenye chuo kikuu na uwanja wa ndege ulitembea kwa shene za baiskeli. Upande wa mashariki, jambo kama hilo lilianza mapema zaidi kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, pale Busia, ambako kinga zilivusha watu na mizigo kati ya mpaka na mpaka, na jina boda boda likatokea hapo. Moto zilipoingia, zilichukua viti vya watu hao hao, na mara nyingi waendeshaji hao hao. Na sisi Goma tulikuwa na chukudu yetu. Chukudu haina shene. Labda ndiyo sababu inaishi.

Moto iliyobadilisha mambo ni ya Kijapani. Katikati ya miaka ya 1970 wahandisi wa Honda walitembelea nchi za Asia, zikiwemo Thailand na Pakistan, kuangalia watu wanavyotumia pikipiki kwa kazi. Waliona moto zinazobeba kupita kiasi, hazibadilishwi mafuta, hazioshwi. Badala ya kuwalaumu watu, walitengeneza moto ya watu hao: CG125, iliyoingia sokoni mwaka 1976. Injini yake ilikuwa rahisi, na shene yake ilifungwa yote ndani ya kifuniko cha bati, juu na chini, ili vumbi na matope visiifikie. Baadaye viwanda vya Uchina viliiga injini hiyo mara nyingi sana, na moto nyingi za Kichina zilizojaa Kongo baada ya vita ni wajukuu wa CG.

Wajukuu walirithi injini. Kifuniko hawakukirithi wote. Na zile zinazokuja nacho, kiangalieni wenyewe parkingini: kimetolewa. Jiwe likikikunja kinapiga kelele, fundi anakifungua ili afikie shene, bolti moja inapotea, kifuniko kinabaki nyuma ya kibanda kikikaushiwa sombe. Mimi naona hilo ni hasara kubwa kuliko shene bandia kumi.

Kwa sababu vumbi letu si vumbi la kawaida. Tarehe 17 mwezi wa kwanza mwaka 2002, Nyiragongo ilipasuka na lava ikashuka katikati ya mji mpaka ziwani. Mamia ya maelfu ya watu walivuka kwenda Gisenyi. Waliporudi, hawakungoja kuondoa mawe, walipasua njia na kujenga nyumba za mbao juu yake. Mwaka 1977 pia mlima ulikuwa umepasuka, na tarehe 22 mwezi wa tano mwaka 2021 ukarudia, lava ikafika Buhene na kukata barabara ya Rutshuru. Siku tano baadaye serikali ikaamuru mitaa mingi ihame, na barabara ya Sake ikajaa moto, kila moja na familia nzima mgongoni.

Kila tunapotembea mjini tunasaga lava hiyo. Magari yanaisaga, akina mama wanaoponda mawe ya kuuza wanaisaga. Punje zake ni nyeusi, kali pembeni kama kioo kilichovunjika. Sasa chukua punje hizo, changanya na mafuta mazito, uziweke kati ya vyuma viwili vinavyozunguka. Umetengeneza msasa. Mafuta ya vidanji yenyewe yameshabeba masizi na unga wa chuma kutoka kwenye injini. Yanang'ang'ania nje ya shene, yanakusanya vumbi, na kwa uzito wake na uchafu uliokwishaziba njia, hayaingii vizuri ndani. Mvua inaingia. Ndiyo kutu nyekundu niliyoiona Mubambiro.

Basi usafishaji unaofaa ni upi? Mafundi wawili niliowaendea, mmoja Katindo na mwingine Ndosho, hawakutofautiana sana. Zima injini kabisa. Nasisitiza hilo: kuna vijana hapa mjini wasio na ncha za vidole kwa sababu walishika kitambaa kwenye shene huku moto ikiwa na gia. Gurudumu lizungushwe kwa mkono. Chukua brosi ngumu, hata mswaki uliochoka, na petroli kidogo. Na hapa niwe wazi kwa ndugu zetu waliotoka kambi za Tanzania: petroli ya kwetu ni mafuta ya taa, si ile inayoingia kwenye tanki. Ya tanki sisi tunaiita esansi, na hiyo usiitumie. Inashika moto kwa cheche ndogo, na nimeona kambini Bulengo, ilipokuwa ingali imesimama, mtu akisafisha shene kwa esansi hatua tatu kutoka kwenye mbabula ya jirani, na hema za plastiki pande zote. Isitoshe, baadhi ya moto kubwa zina shene yenye vipete vidogo vya mpira ndani ya viungo, teknolojia ya Wajapani wa miaka ya 1970 ya kufungia grisi ndani. Esansi huviharibu.

Suguani pande zote nne, ndani na nje, mpaka rola zionekane rangi ya chuma. Futa kwa kitambaa kikavu. Iache ikauke, hata kama mteja anapiga mluzi. Kisha mafuta safi: ya gia, yale yenye namba 80W-90, ni mazuri kwa sababu yanashika, yakikosekana, mafuta mapya ya injini ni bora mara nyingi kuliko vidanji. Tone moja moja, upande wa ndani wa shene ile ya chini, kwenye ukingo ambapo bati mbili zinapishana, kwa sababu hapo ndipo mlango wa kwenda kwenye pini. Zungusha gurudumu taratibu. Ngoja. Halafu, na hapa ndipo wamotari wanapobishana nami, futa mafuta yote ya nje. Shene iliyopakwa vizuri inaonekana karibu kavu.

Fundi wa Ndosho anapendelea kazi hii ifanyike jioni, shene ikiwa bado na joto la safari, ili mafuta yapate usiku mzima wa kupenya. Kila kilomita 500 hivi, anasema, na kila baada ya mvua kubwa. Yale machafu yaliyobaki msiyamwage upande wa ziwa, tunachota maji huko.

Ukaze usizidi. Shene ya chini ikisukumwa kwa kidole katikati icheze kama sentimita mbili hadi tatu, mtu akiwa hajapanda. Wanaobeba makala kutoka Masisi huikaza kama waya wa gitaa, wakidhani itabeba zaidi. Mzigo ukiibana suspensheni, shene haina pa kwenda, inakata au inakula beringi ya pinyo. Na kile kiungo cha kufungia chenye klipu: upande wa klipu uliozibwa uelekee kule shene inakokwenda. Ukiigeuza, jiwe moja linaing'oa. Yule motari wa Mubambiro, nilipomuuliza siku nyingine, hakukumbuka yake ilielekea wapi.

Kujua kama shene imekwisha, ishike nyuma kabisa ya kurone na uivute kwa vidole kuelekea nyuma. Ikiachana na meno mpaka uone mwanga nusu ya jino, badilisha vyote vitatu kwa pamoja. Shene mpya juu ya meno yaliyochongoka kama ndoano italika kabla hujamaliza kulipa deni lake.

Katika parkingi moja karibu na Katindo, wamotari sita wamechanga chupa moja ya mafuta ya gia, lita moja ya petroli na brosi mbili. Vinakaa kwa mama muuza mandazi, naye anavitoa kwa yule tu aliyezima injini. Juzi nilimkuta akimrudisha kijana mmoja aliyekuwa ameiacha yake inaunguruma.